Tulikaa na mwandishi wetu hapa Dodoma akatusomea mwenyewe: ukimwalika mtunzi, mpe muda wa kusoma

Mkazi wa Makulu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Uzi huu nauleta kwa wanaosoma riwaya za Kiswahili, hasa mlioko Dodoma na mikoa ya jirani. Jumamosi iliyopita kundi letu la wasomaji lilikaa na mtunzi ambaye mimi nimemsoma tangu kidato cha tatu. Jina lake nalihifadhi kwa sababu aliomba hivyo. Alikuja Dodoma kumwona mgonjwa wake, akakubali kutupa mchana mmoja kwa sharti kwamba pasiwe na matangazo. Wanaotaka kukisia wakisie, mimi sitathibitisha.

Ninachotaka kusema ni hiki: mwandishi akifika mjini kwenu, mwacheni asome. Asome kitabu chake kwa sauti yake, kwa muda wa kutosha, mbele ya watu waliokwisha kukisoma. Hotuba, picha na keki visubiri, au visiwepo kabisa.

Dodoma tunajua sana shughuli. Huu ni mji wa Bunge na wizara. Viti vikishapangwa tu, tayari kuna meza kuu, mgeni rasmi, mshereheshaji, na utambulisho unaokula muda wote. Nimewahi kuhudhuria uzinduzi wa kitabu hapa hapa mjini ambapo mtunzi aliitwa mwishoni, harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Akainuka, akashukuru waliomfadhili, akaketi. Tukaondoka na kitabu ambacho hatukusikia hata sentensi yake moja. Iliniuma, maana mtunzi yule anaandika vizuri mno.

Safari hii hapakuwa na meza kuu. Ulikuwa ukumbi mdogo upande wa Makole, viti vya plastiki tumevipanga nusu duara, naye amekaa nasi usawa mmoja. Upepo wa miezi hii mnaujua. Madirisha ya upande mmoja tuliyafunga kwa sababu vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Mzee alishuka kwenye bajaji na kitabu kimoja tu mkononi.

Kitabu chenyewe ndicho kilichonishika. Ni nakala yake ya siku nyingi, jalada limeshikizwa kwa selotepu, uti umeachia, na pembezoni mwa kurasa kuna maandishi ya penseli. Nilikuwa karibu naye, nikaona. Kuna maneno ameyakata na kuandika mengine juu yake. Kitabu kimechapwa zamani, kimefundishwa, kimetungiwa mitihani, na mwenyewe bado anakisahihisha!

Akasoma sura ambayo mama anamtoa mwanawe nyumbani. Sura hiyo naijua karibu yote kwa kichwa, na kila niliposikia ikisomwa darasani ilisomwa kwa kufoka. Mzee aliisoma polepole, sauti ya chini, maneno ya mama yakatoka kwa uchovu badala ya ghadhabu. Pale mama anapomwambia mtoto achukue na blanketi lake, alinyamaza kidogo kabla ya kulitaja blanketi. Ukumbi mzima ukasikia kwamba mama anajua nje kuna baridi. Huruma ile imo ukurasani siku zote, imeandikwa, ila ilihitaji kusomwa kwa mwendo ule ndipo isikike. Mwalimu mmoja aliyekaa nyuma yangu alisema "ahaa" kwa sauti, bila kukusudia.

Katikati ya sura akaruka aya nzima. Dada mmoja aliyekuwa anafuatilia kwa nakala yake akainua mkono: "Samahani mzee, umeruka." Akajibu: "Nimeiruka makusudi. Leo nisingeiandika. Inamweleza msomaji jambo ambalo ameshaliona." Kisha akamwomba dada aisome yeye, ili tuamue wenyewe. Hapo ndipo tulipobishana kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku ile. Walimu walitaka aya ibaki kwa kuwa ndiyo wanayoitegemea kufundishia. Mimi nilikuwa upande wa mzee. Kulikuwa na kijana aliyesema kwamba aya ile ndiyo iliyomfanya alie alipoisoma mara ya kwanza, na mzee akachukua penseli akaandika kitu pembeni ya ukurasa. Nilitamani sana kujua aliandika nini, ila sikumuuliza.

Baadaye yakaja maswali. Mwanafunzi wa sekondari alisimama akauliza, kwa ufasaha kabisa, kama mwandishi amefanikiwa kifani na kimaudhui kujenga dhamira ya malezi. Mzee akamtazama kwa upole: "Mwanangu, umefika ukurasa wa ngapi?" Kumbe kasoma tahakiki tu, kile kijitabu cha uchambuzi. Mzee hakumwaibisha. Alimwambia amtafutie ukurasa wowote uliomkera, awe mkweli, na kikao hakitafungwa mpaka aupate. Binti akaenda pembeni na kitabu cha kuazima. Alirudi baadaye na ukurasa wake na malalamiko yake, na yalikuwa malalamiko ya maana: kwa nini dada wa mhusika mkuu hana jina? Mzee alikaa kimya, akasema hana jibu zuri.

Mambo mawili ya mwisho. Kwanza, mzee alituuliza sisi swali: nani hapa amemsoma Mnyampala? Mikono iliyoinuka ilikuwa michache, na tuko Dodoma, nyumbani kwa mshairi huyo. Pili, wakati wa kutia saini, mwanafunzi wa chuo alileta kopi ya steshenari iliyobanwa kwa spairo. Watu wakaguna. Mzee akaipokea, akaipekua, akakuta ukurasa ambao mashine imekata ukingo na mistari haisomeki. Akaomba kalamu, akayaandika kwa mkono maneno yaliyokosekana, mstari kwa mstari, huku foleni inasubiri. Ndipo akatia saini chini yake.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadili, hasa nyie mlioandaa shughuli kama hizi kwenye miji yenu.

---

Ticha Mpwapwa

Mkuu, asante kwa uzi. Nafundisha Kiswahili na hilo la tahakiki limenigusa.

Naomba wanafunzi wasibebeshwe lawama peke yao. Darasa langu lina wanafunzi wengi na nakala za riwaya ni chache, tena nyingine zimechanika kurasa za mwanzo. Mtoto anakaa na kitabu jioni moja, kesho anampa mwenzake. Tahakiki ni nyembamba, ni rahisi bei, na ina majibu yanayofanana na maswali ya mtihani. Akiwa na muda wa wiki chache atachagua ipi?

Lakini hapo ulipoeleza mzee alivyomwambia binti atafute ukurasa uliomkera, nimejifunza kitu cha kufanya Jumatatu. Siku zote tunamuuliza mwanafunzi mwandishi amefanikiwa vipi. Hatumuulizi wewe umekerwa wapi. Nitajaribu na kidato cha nne, kila mmoja aje na ukurasa mmoja na sababu yake.

Na la kusoma kwa sauti naliunga mkono kwa mikono miwili. Ushairi bado tunausoma kwa sauti darasani, hata kuimba, ila riwaya tumeifanya kuwa kitu cha kuchambua kimya kimya. Sehemu kubwa ya riwaya zetu ni mazungumzo ya watu, na watu wanaozungumza wanapaswa kusikika.

---

Sheria Kwanza

Mimi nitakwenda kinyume na wengi. Mzee alikosea kutia saini ile kopi.

Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kutoa kopi ya riwaya nzima, kurasa zote, ni kumnyang'anya mtunzi mrabaha wake, na mrabaha wenyewe mnajua ulivyo mdogo. Mwenye steshenari amelipwa, mwenye karatasi amelipwa, mwenye umeme amelipwa. Aliyekaa miaka kuandika ndiye pekee asiyepata kitu. Halafu anaombwa na saini juu yake!

Namheshimu mzee na ninaelewa moyo wake. Ila kila aliyekuwa ukumbini ameondoka akijua kwamba kopi inakubalika hata kwa mwandishi mwenyewe. Waandishi chipukizi ndio watakaoumia, maana wao hawana pensheni ya ualimu ya kuwabeba.

---

Zuhura wa Kikuyu

Mkuu Sheria Kwanza, shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ndiye mwenye ile kopi, nimeletewa kiungo cha uzi huu na rafiki yangu.

Uliyoyasema ni kweli na sitayapinga. Naomba tu ujue kilichotokea kabla ya kopi. Nilikitafuta kitabu hicho kwenye maduka ya vitabu hapa mjini, hakipo. Nikamwagiza ndugu yangu aliyeko Dar akazungukia maduka ya Posta na Kariakoo, hakipo, kimeisha na hakijachapwa tena. Maktaba ya chuo ina nakala moja ya kusomea ndani. Mhadhiri ametupa wiki mbili. Nilitoa kopi ya ile nakala ya maktaba, na ndiyo maana ukingo umekatika, kitabu kilikuwa kinene hakifunguki vizuri kwenye mashine.

Mzee aliniuliza nimekipata wapi, nikamweleza hivi hivi. Hakuniambia nimefanya vizuri. Aliniambia: "Mwandikie mchapishaji barua. Mwambie unakitaka, na unaowajua wanaokitaka uwaorodheshe." Nimeshaandika, na darasa zima tumetia majina. Barua imekwenda.

---

Sheria Kwanza

Dada Zuhura, ahsante kwa kunijibu kwa adabu. Barua ni jambo jema na ningependa kuona nakala yake, wengine tuongeze majina. Msimamo wangu kuhusu kopi haujabadilika: kitabu kuisha dukani ni sababu ya kudai kichapwe, na hapo wewe umefanya zaidi yangu mimi ninayeandika hapa.

---

Muuza Vitabu Majengo

Naongea kama mtu wa biashara hii. Nina meza ya vitabu vipya na vya mtumba.

Riwaya ya Kiswahili Dodoma inauzika, asikudanganye mtu. Tatizo ni kuileta. Wachapishaji wengi wako Dar. Ukiagiza nakala chache, gharama ya kifurushi cha basi inakula faida yote. Ukiagiza nyingi, unafungia mtaji kwenye kitu kinachotoka kimoja kimoja, wakati vitabu vya kiada, daftari na tahakiki vinatoka kila siku shule zikifunguliwa. Ndiyo maana meza zetu zinafanana.

Shughuli ya mwandishi ndiyo siku pekee hesabu inageuka. Watu wengi, kitabu kimoja, siku moja. Mimi naomba waandaaji wafanye hivi: mwambieni muuza vitabu wa hapa hapa mapema, achukue vitabu kwa mchapishaji kwa mali kauli. Vikiuzwa anapeleka hela, vikibaki anarudisha. Mchapishaji anakubali akijua mwandishi mwenyewe atakuwepo na wasomaji wanajulikana. Lakini nikiambiwa Alhamisi kwamba shughuli ni Jumamosi, siwezi kufanya lolote, na hapo ndipo kopi zinapoingia.

Mleta uzi, mlikuwa na vitabu vya kuuza siku hiyo?

---

Mkazi wa Makulu

Mkuu, hatukuwa navyo vya kutosha. Tulikusanya vya kuazimana. Kitabu chake cha karibuni tulikipata kidogo na kiliisha kabla hajamaliza kusoma. Watu walisimama katikati ya usomaji wakaenda mezani kununua, wakarudi kukaa, na mzee akaendelea tu. Sijawahi kuona kitabu kinauzwa hivyo, na naamini ni kwa sababu walikuwa wanamsikia akisoma.

Kuhusu kopi, mimi niko na Zuhura na niko na Sheria Kwanza pia. Nilichokiona ni mtunzi aliyekuta maneno yake yamekatwa na mashine na hakuweza kuyaacha hivyo. Aliyarudisha bila kufungua nakala yake. Alikuwa nayo mezani, kando ya mkono wake, hakuitazama. Kuna mistari ya mazungumzo na mstari wa maelezo ya mto uliofurika, yote ikatoka kichwani. Tuliokuwa nyuma yake tulilinganisha baadaye na kitabu cha dada mwingine. Ilikuwa sawa, isipokuwa neno moja, na neno lile lilikuwa lile lile alilolisahihisha kwa penseli kwenye nakala yake.

Kwa hiyo Zuhura, kopi yako ina sentensi ambayo haipo kwenye kitabu chochote kilichochapwa. Itunze.

---

Babu wa Hombolo

Mbukwenyi nyote. Vijana, mmemtaja Mnyampala na mimi siwezi kupita kimya.

Mathias Mnyampala alizaliwa hapa Ugogo mwaka 1917 na akafariki mwaka 1969. Alikuwa mwalimu, kisha mtumishi wa serikali na hakimu, na huku kote akiandika. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, kwa Kiswahili, kimeandikwa na Mgogo mwenyewe wakati mambo yetu mengi yalikuwa yanaandikwa na wageni. Mtu wa nje alikuja kukitafsiri kwa Kiingereza miaka ya tisini. Wasomi wa ng'ambo wanakitumia. Wajukuu zetu hapa hawakijui.

Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na ndiye aliyezifanya ngonjera kuwa kitu cha taifa zima baada ya Azimio la Arusha la 1967. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii amewahi kusimama kwenye mstari akasema ngonjera mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Sisi tulipangwa mistari miwili inayotazamana. Huku mnauliza, kule wanajibu, huku mnapinga, kule wanaeleza, mpaka mwisho mnakubaliana na kusema pamoja. Mwalimu alitukataza kutazama chini. Alisema ngonjera inasemwa kwa mtu, hivyo umtazame yule unayebishana naye. Mwenzangu wa mstari wa pili alikuwa jirani yetu, tuligombana kweli kweli siku hiyo kwa sababu ya mbuzi, na siku ya ngonjera wazazi wakasema hawajaona watoto wanaosema kwa hisia namna ile.

Mleta uzi, unadai mwandishi asome kwa sauti. Unadai kitu ambacho mtu wa hapa hapa alikiweka mbele ya nchi nzima: fasihi inayosimama na kusemwa mbele ya watu. Kwa hiyo mkiandaa tena, anzeni na ngonjera moja ya Mnyampala, watoto wawili watatu wanatosha. Vitabu vya *Ngonjera za UKUTA* vilitoka 1970 na 1971, yeye ameshakufa. Mimi ninacho cha kwanza. Sikiazimishi, ila aje mtu anakili kwa mkono, nitampa kiti na chai.

---

Ticha Mpwapwa

Shikamoo babu. Nakuja kunakili. Nikipata ruhusa naleta na wanafunzi wawili.

---

Msomaji Kimya

Naheshimu furaha yenu, ila mimi mwandishi ninayempenda sitaki kumwona, na nieleze kwa nini.

Wengi niliowapenda wamekwisha kufa. Shaaban Robert alifariki 1962 sijazaliwa. Ben Mtobwa alifariki 2008, Kezilahabi Januari 2020. Nimezoea kukutana nao ukurasani, na pale wananitosha. Mkimweka mwandishi mbele ya watu, maneno yake ya siku hiyo yanakuwa ndiyo ufunguo wa kitabu. Kesho mtu akisoma mama yule kwa hasira ataambiwa, aa, mwenyewe aliisoma kwa huruma, wewe hukuelewa. Kitabu kinafungwa.

Angalieni *Rosa Mistika* ya Kezilahabi. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kufundishwa mashuleni hayo hayo. Maneno ya kitabu yalikuwa yale yale, wasomaji ndio waliobadilika. Riwaya ile ilijitetea yenyewe kwa kubaki na kusomwa.

---

Mkazi wa Makulu

Msomaji Kimya, hoja yako ni nzito kuliko zote humu na nimeifikiria tangu asubuhi.

Hatari hiyo ipo, hasa mwandishi anapopewa kipaza sauti na kuombwa aeleze kitabu chake kinahusu nini. Swali la aina hiyo huwa linafunga kitabu kweli. Ndiyo maana nasisitiza kusoma badala ya kueleza. Mzee hakutuambia mama ana huruma. Alisoma, akanyamaza kabla ya neno, basi. Kijana aliyelia kwa ile aya iliyorukwa hakushindwa na mwandishi, aliondoka bado anaitetea, na mwandishi ndiye aliyechukua penseli. Dada asiye na jina mpaka sasa hana jina, na aliyeandika amekiri mbele yetu kwamba jibu hana. Kwangu mimi kitabu kile kimefunguka zaidi baada ya siku ile.

Na hao waliofariki hawana budi kusomwa kwa sauti pia, na sisi. Babu ameshatuonyesha.

---

Mnyaturu wa Mandewa

Habari zenu. Huku Singida tuko kundi la wasomaji, tumekuwa tukiogopa kualika mwandishi kwa sababu ya gharama. Mleta uzi, tupe mchanganuo mlivyofanya, hata kwa ufupi. Sisi tunaweza kupata ukumbi wa bure.

---

Nusu Zanzibar

Kabla hajajibiwa, naongeza: msiwasahau wafasiri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021, watu wengi hapa Tanzania walikimbilia kutafuta riwaya zake na kukuta ziko kwa Kiingereza. Riwaya yake *Paradise* ilipotoka kwa Kiswahili kama *Peponi* mwaka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ndipo mama yangu aliposoma riwaya ya mtu aliyezaliwa visiwani kama yeye. Ningependa siku moja kumkalisha mfasiri mbele ya wasomaji, asome ukurasa mmoja na atuonyeshe alipokwama. Maswali yatakuwa mengi mpaka usiku.

---

Mkazi wa Makulu

Nusu Zanzibar, wazo zuri sana, nalichukua.

Mnyaturu, sisi hatukulipa nauli kwa sababu mzee alikuwa tayari mjini. Lakini kwa mgeni wa kumwita, hesabu kubwa ni nauli, malazi na bahasha ya heshima. Safari imekuwa nafuu ya mwili zaidi kuliko ya mfuko. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024, mtu anatoka Dar na kufika huku chini ya saa nne, hachoki kama kwa basi. Kuja kwenu Singida atabaki na kipande cha basi, kilomita 240 hivi. Kama mwandishi ni mtu mzima mpokeeni alale Dodoma kwanza. Sisi tutamkaribisha, na mnaweza kugawana nasi gharama: Ijumaa asome huku, Jumapili asome kwenu. Ila msipange Aprili mpaka Juni. Bunge la bajeti likiwa linaendelea, vyumba Dodoma vinapanda bei na vingine havipatikani kabisa.

Ukumbi wa bure unatosha, chagueni mdogo kuliko mnavyodhani mnahitaji. Watu wakijaa kwenye chumba kidogo mwandishi hahitaji kipaza sauti, na anayesoma bila kipaza sauti anasoma kwa utulivu. Kipaza sauti kibovu kimeharibu shughuli nyingi nilizohudhuria.

Bahasha msione aibu nayo. Semeni mapema ni kiasi gani, hata kama ni kidogo. Mwandishi anaacha kazi zake kuja kwenu, na kumwambia "tutakutoa kitu" si heshima.

Sharti letu la maswali lilikuwa moja: taja ukurasa. Hukusoma, karibu usikilize, lakini aliyeshika kitabu ndiye anayeuliza kwanza. Liliokoa muda mwingi sana, maana yale maswali ya "una ushauri gani kwa vijana" hayakupata nafasi mpaka mwisho. Kijana mmoja anayeandika aliuliza mwishoni kuhusu kupeleka mswada, mzee akamtajia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayotolewa Aprili 13, na akamshauri amalize kwanza kuandika ndipo afikirie tuzo.

Wiki mbili kabla, kila mwana kundi alipewa sura moja ya kuisoma kwa sauti nyumbani, kwa mke, kwa watoto, kwa yeyote. Hilo ndilo ninalolipendekeza kuliko yote. Watu walikuja na masikio yaliyokwisha kuzoea.

---

Mnyaturu wa Mandewa

Tumekuelewa mkuu. Tunakutana Jumapili hii kuchagua mwandishi. Nitaleta mrejesho hapa hapa.

---

Muuza Vitabu Majengo

Mnyaturu, mkishamchagua niambieni jina siku hiyo hiyo, na mnataka nakala ngapi. Nikichukua mzigo wa Dodoma na Singida kwa pamoja, kifurushi kinakuwa kimoja na mchapishaji hatakataa mali kauli.

Zuhura, na wewe nipe ile orodha ya darasa lako. Mwezi ujao naenda Dar kufuata mzigo wa shule, nitapita kwa mchapishaji niipeleke mkononi pamoja na nakala ya barua yenu.